Ubongo Hujibu kwa Umeme: Funzo la Ugonjwa wa Konzo Mkoani Mara

Huko Murangi, kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria katika Wilaya ya Musoma, mhogo ni chakula cha kila siku. Humenywa, huvundikwa, huanikwa juani na kusagwa, kisha ugali wake huliwa kwa samaki au dagaa. Mwanafunzi aliyelelewa huko huenda akashangaa akiambiwa kwamba kazi hiyo ya mama yake ina uhusiano na elimu ya umeme wa ubongo. Hata hivyo uhusiano huo upo, nao ulijidhihirisha kwa namna ya kusikitisha kaskazini ya mkoa huohuo mwaka 1985.

Mwaka huo, wakati wa ukame, watu kadhaa katika Wilaya ya Tarime walishikwa na maradhi ya ghafla. Mtu aliyekuwa akitembea vizuri jana aliamka leo miguu yote miwili imekakamaa. Wengine walipata pia ukungu wa macho au uzito wa ulimi. Ugonjwa haukuendelea kuzidi, lakini pia haukuondoka: aliyepatwa alibaki na ulemavu maisha yake yote. Watafiti waliopita vijijini walihesabu wagonjwa 39, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1990 na Howlett, Brubaker, Mlingi na Rosling.

Maradhi hayo huitwa konzo. Jina hilo limetoka katika lugha ya Kiyaka ya Kongo, na maana yake hufasiriwa kuwa miguu iliyofungwa. Daktari Mwitaliano, Trolli, aliyaeleza kwa mara ya kwanza mwaka 1938 kutoka eneo la Kwango. Mwaka 1981 yaliwapata watu zaidi ya 1,000 katika jimbo la Nampula, Msumbiji.

Mbele ya mgonjwa wa namna hiyo, daktari hana budi kujiuliza: je, kilichoharibika ni misuli ya miguu, mishipa ya fahamu inayofika kwenye misuli hiyo, uti wa mgongo, au ubongo wenyewe? Kwa macho haonekani. Njia mojawapo ya kupata jibu ni kuuliza mwili swali kwa kichocheo kidogo, kisha kupima umeme unaozaliwa kwa kujibu.

UMEME KICHWANI

Chembe za mishipa ya fahamu hupelekeana habari kwa mabadiliko madogo ya umeme. Mwaka 1875 Richard Caton wa Liverpool, Uingereza, aliripoti kwamba amepima umeme huo katika ubongo wa sungura na nyani, na kwamba ulibadilika mwanga ulipoelekezwa machoni mwa mnyama. Mwaka 1924 Hans Berger wa Jena, Ujerumani, aliurekodi kwa mara ya kwanza kichwani mwa binadamu, akachapisha matokeo yake mwaka 1929.

Kazi hii haihitaji kupasua kichwa. Elektrodi, yaani visahani vidogo vya madini, hubandikwa juu ya ngozi ya kichwa na kuunganishwa na mashine inayokuza umeme. Mawimbi yanayopatikana ni madogo sana. Kwa kawaida huwa kati ya mikrovolti 10 na 100. Mikrovolti moja ni sehemu moja ya milioni ya volti, ilhali betri ya kawaida ya tochi ina volti moja na nusu.

Mawimbi hayo huendelea usiku na mchana, mtu awe macho au usingizini. Hapo ndipo shida ilipo. Tukiugusa mkono wa mtu, ubongo wake hujibu kwa umeme wa mikrovolti chache tu, na jibu hilo humezwa na mawimbi makubwa yanayoendelea. Tutalipataje?

KUITENGA SAUTI MOJA KATIKA KELELE

Msomaji afikirie mwalo asubuhi, mitumbwi inapotia nanga. Wachuuzi wanapigiana kelele, injini zinavuma, watoto wanaitana. Katikati ya kelele hizo mtu mmoja anagonga ubao taratibu, kila baada ya sekunde moja kamili. Ukisikiliza mara moja tu, huenda usimsikie. Lakini kama ungeweza kurekodi sekunde mia nne na kuzipanga moja juu ya nyingine, kelele za wengine, kwa kuwa hazina mpango, zingefutana: hapa imepanda, pale imeshuka. Mgongo wa ubao ungeangukia pale pale kila mara, nao ungebaki ukisikika.

Hivyo ndivyo alivyofanya George Dawson huko London. Mwaka 1947 aliweka picha nyingi za mawimbi moja juu ya nyingine, na mwaka 1951 akaeleza mashine ya kukokotoa wastani wake. Leo kazi hiyo hufanywa na kompyuta.

Hesabu yake ni nyepesi. Kelele isiyo na mpango hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya marudio. Tuseme kelele ni mikrovolti 20 na jibu ni mikrovolti 2. Kichocheo kikirudiwa mara 400, kipeuo cha pili cha 400 ni 20. Kwa hiyo kelele hushuka hadi mikrovolti 1. Jibu, ambalo halikupungua, sasa ni kubwa mara mbili kuliko kelele.

Kinachotazamwa katika jibu ni ukubwa wake na muda lililochukua kufika. Mshipa wa fahamu wa kifundo cha mkono ukichochewa kwa umeme hafifu, jibu la kwanza la gamba la ubongo huonekana baada ya milisekunde 20 hivi, yaani sehemu 20 za elfu za sekunde. Kwa kifundo cha mguu ni kama milisekunde 40, maana njia ni ndefu zaidi. Macho yakionyeshwa picha ya miraba myeusi na myeupe inayobadilishana, jibu kubwa huja baada ya milisekunde 100 hivi. Jibu likichelewa, au lisipokuja kabisa, tunajua kuwa njia ina kizuizi.

KUTOKA UBONGONI KWENDA MGUUNI

Vipimo tulivyoeleza huchunguza njia ya kupanda, inayochukua habari kutoka mwilini kwenda ubongoni. Konzo lakini ni ugonjwa wa mwendo, na amri za mwendo hushuka. Njia ya kuichunguza njia ya kushuka ilipatikana baadaye. Mwaka 1980 Merton na Morton wa Uingereza waliuchochea ubongo wa binadamu kwa umeme kupitia fuvu lisilopasuliwa. Mwaka 1985, mwaka ule ule wa msiba wa Tarime, Barker na wenzake wa Sheffield walionyesha kuwa hata sumaku huweza kufanya kazi hiyo bila maumivu. Koili huwekwa juu ya kichwa. Umeme unaopita ndani yake kwa ghafla huzaa uga wa sumaku, nao huzaa umeme ndani ya ubongo. Chembe za mwendo huamka, amri hushuka, msuli wa mkono au mguu hutikisika, na elektrodi zilizo juu ya msuli huandika muda wa safari.

Mwaka 1993 Tylleskär na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa wawili wa konzo kutoka Tanzania. Picha za ubongo na uti wa mgongo zilizopigwa kwa mashine ya sumaku hazikuonyesha kasoro. Lakini ubongo ulipochochewa, misuli haikujibu. Hata misuli ya mikono, ambayo ilikuwa imeathirika kidogo tu, ilikaa kimya. Picha ilisema kila kitu kipo mahali pake. Umeme ulisema amri hazifiki. Kilichoharibika si misuli, bali chembe za juu za mwendo, zile zinazoanzia ubongoni na kushuka katika uti wa mgongo.

Jambo hilo linaeleza pia kwa nini goti la mgonjwa likigongwa kwa nyundo ndogo, mguu huruka kwa nguvu kupita kiasi. Duara la chini, linalopita kwenye uti wa mgongo, ni zima, lakini limekosa kizuizi cha ubongo. Mwaka 2002 Tshala-Katumbay na wenzake walipima wagonjwa wa Kongo kwa vichocheo vya mishipa ya mkono na mguu, wakakuta kwamba kwa baadhi yao majibu ya gamba la ubongo nayo hayakuwa ya kawaida. Kwa hiyo madhara hayaishii kwenye njia ya mwendo peke yake.

SUMU NA DAWA YAKE

Mhogo mchungu una linamarini. Chembe za mhogo zikivunjwa, kimeng'enya kilichomo huivunja linamarini, na mwishowe hutoka gesi ya sianidi. Mama anayevundika mhogo huupa muda huo wa kutoa sumu yake. Njaa ikiingia, siku za kuvundika hupunguzwa, na sumu hubaki katika unga. Mwili huweza kuigeuza sianidi kuwa tayosianati isiyo kali sana, lakini kwa kazi hiyo huhitaji salfa inayotokana na protini. Kwa hiyo dagaa juu ya ugali wa mhogo si kitoweo tu. Ni sehemu ya kinga. Hatari hukomaa mambo mawili yanapokutana: unga wenye sumu na sahani isiyo na samaki, nyama wala maharage.

Walimu wana sababu ya pekee ya kuyajua haya. Mwaka 2013 Boivin na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto wa Kahemba, Kongo. Watoto wenye konzo walikuwa na upungufu katika mitihani ya kumbukumbu na kujifunza. Hata watoto waliotembea vizuri, lakini wanaotoka katika nyumba zilizopatwa na konzo, walikuwa nyuma ya wenzao wa kijiji kisicho na ugonjwa huo.

Hakuna mashine inayorudisha chembe zilizokufa. Hupima tu mahali njia ilipokatika. Kinga iko jikoni. Pale ambapo unga una mashaka, ipo njia iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia: unga huloweshwa maji, hutandazwa kwa tabaka jembamba, na kuachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini ili gesi itoke, kisha hupikwa siku hiyohiyo.

ZOEZI KWA WANAFUNZI

1. Kutoka kifundo cha mkono hadi kichwani ni kama mita 1, na jibu huchukua milisekunde 20. Tafuta mwendo wa habari kwa mita kwa sekunde, kisha kwa kilomita kwa saa.

2. Kelele ni mikrovolti 30. Kichocheo kirudiwe mara ngapi ili ishuke hadi mikrovolti 1?

3. Waulize wazee nyumbani jinsi mhogo ulivyoandaliwa miaka ya njaa, na ni hatua gani zilizoachwa. Andika majibu yao na uyajadili darasani.

Tahadhari: mwanafunzi asijaribu kamwe kuuchochea mwili wake au wa mwenzake kwa umeme.