Ukubwa wa Mwisho wa Juma

Wanajiografia wanaochunguza mienendo ya watu hawaipimi safari kwa kilomita peke yake, bali huipima pia kwa saa alizonazo msafiri kabla hajatakiwa kuwa tena mahali alipotoka. Ndiyo maana mwanafunzi aliyekwenda Vienna kwa kozi ya kiangazi huweza kuiona Prague na kuwahi darasani Jumatatu, ilhali mwenzake anayesoma Gongo la Mboto, jijini Dar es Salaam, mwenye siku zilezile mbili, huenda asivuke Kariakoo. Mwaka 1970 Torsten Hägerstrand, mwanajiografia wa Chuo Kikuu cha Lund nchini Uswidi, alichapisha maelezo ya jambo hili ambayo yalikuja kuwa msingi wa tawi liitwalo jiografia ya muda.

Katika maelezo hayo, mtu hubanwa na vizuizi vya aina tatu. Vya kwanza ni vya uwezo, kwa kuwa kila mtu hulala, hula na huenda kwa kasi ya chombo alichopanda; vya pili ni vya makutano, yaani wajibu wa kuwa mahali pamoja na wengine kwa saa iliyopangwa, kama vile kipindi cha darasani, zamu ya wodini au ibada; na vya tatu ni vya mamlaka, yaani sheria zinazoamua nani aingie wapi na lini. Vizuizi hivyo vikijumlishwa, eneo linalobaki, ambalo msafiri anaweza kulifikia na kurudi kwa wakati, huitwa mche wa muda na nafasi, kwani likichorwa juu ya mhimili wa saa hutanuka tangu saa ya kuondoka, kisha husinyaa hadi saa ya kurejea.

Hesabu yake si ngumu. Mwanafunzi aliye huru kuanzia Ijumaa saa 12 jioni hadi Jumapili saa 4 usiku ana saa 52. Akilala usiku mara mbili kwa saa 8, zinabaki 36, na akitaka saa 24 za kuutembelea mji anaokwenda, zinabaki 12 za njiani, ambazo ni 6 za kwenda na 6 za kurudi. Kwa wastani wa kilomita 100 kwa saa, muda wa kusubiri ukiwamo, mpaka wake ni kilomita 600. Kwa wastani wa kilomita 40, ambao abiria wa daladala na basi la mkoani hatausikitikia, mpaka ni kilomita 240. Kwa kuwa eneo la duara hukua kwa kipeo cha pili cha nusu kipenyo chake, eneo la wa kwanza linazidi mara sita ya eneo la wa pili, na kwa mkazi wa Dar es Salaam sehemu kubwa ya duara hilo ni maji ya Bahari ya Hindi.

Ulaya iliupanua mche huu kwa hatua. Tiketi ya Interrail, iliyoanza mwaka 1972, iliwawezesha vijana kupanda treni za nchi nyingi kwa malipo ya mara moja, na treni za usiku ziligeuza saa za kulala kuwa saa za safari, jambo linalobadilisha sana hesabu iliyotolewa hapo juu. Aprili 1997 soko la anga la Umoja wa Ulaya lilifunguliwa kikamilifu kwa mashirika ya ndege ya nchi wanachama, na mashirika ya nauli nafuu yakajaza miji ambayo zamani haikuwa na safari za moja kwa moja. Kizuizi cha mamlaka nacho kililegezwa kwa mkataba uliotiwa saini tarehe 14 Juni 1985 katika kijiji cha Schengen, Luxembourg, ambao kwa sasa unaziunganisha nchi 29 zisizokaguana pasipoti mipakani mwao kwa kawaida.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kitanzania hutengana na wenzake wa darasa moja. Kwa kozi isiyozidi siku 90 huingia kwa viza ya muda mfupi, inayomruhusu kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya kila kipindi cha siku 180, na ambayo inaweza kuwa ya kuingia mara moja tu. Akiwa nayo anaweza kutoka Vienna kwenda Zürich bila tatizo, kwani Uswisi imo ndani ya Schengen ingawa haimo katika Umoja wa Ulaya. Lakini akitoka Paris kwenda London, safari ya treni ya zaidi kidogo ya saa mbili, atahitaji kwanza viza ya Uingereza, na kama ile ya Schengen ilikuwa ya kuingia mara moja, kwa kutoka huko atakuwa ameimaliza, hata kama siku zake bado zipo. Ireland na Kupro pia ziko nje ya eneo hilo, ingawa ni wanachama wa Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo ramani anayopaswa kuibandika ukutani si ile ya reli wala ya Umoja wa Ulaya, bali ni ukurasa wa pasipoti ulioandikwa idadi ya kuingia.

Upande wa Gongo la Mboto hadithi ni tofauti, na ina mfano wenye uzito kuliko utalii. Julius Nyerere, aliyerejea kutoka Edinburgh mwaka 1952, alifundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko huko Pugu, jirani kabisa na Gongo la Mboto, huku akikiongoza chama cha TAA tangu mwaka 1953 na TANU tangu kilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954. Kazi ilikuwa Pugu na siasa zilikuwa mjini, kwa hiyo harakati zilipaswa kuenea katika saa zilizobaki baada ya darasa. Alipotakiwa achague kati ya ualimu na siasa, alijiuzulu ualimu mwaka 1955. Kwa lugha ya Hägerstrand, aliondoa kizuizi cha makutano badala ya kutafuta chombo chenye kasi zaidi.

Chombo chenyewe kimekuja baadaye. Treni ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na Dodoma ikafikiwa tarehe 25 Julai mwaka huohuo. Ikiwa na uwezo wa kwenda kilomita 160 kwa saa, imeiweka Morogoro ndani ya saa mbili na Dodoma ndani ya takriban saa nne, na Pugu ni mojawapo ya stesheni zake, hivyo mkazi wa Gongo la Mboto anaweza kuelekea bara bila kwanza kuvuka foleni ya mjini. Anayetaka Zanzibar hana nafuu hiyo: boti huchukua kama saa mbili baharini, lakini bandari iko upande wa pili wa jiji, na saa zinazopotea Barabara ya Nyerere hukatwa kutoka katika mche uleule.

Hali ya wanafunzi wa kigeni wa eneo hilo ni kinyume kamili cha ile ya Mtanzania aliyeko Vienna. Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala nchini Tanzania kipo Gongo la Mboto, na Mganda anayesoma hapo haombi viza ili aende kwao au Nairobi, kwa kuwa Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inatambua uhuru wa raia wa nchi wanachama kuvuka mipaka. Sheria imemfungulia, lakini basi la Kampala lina zaidi ya kilomita 1,000 mbele yake, na saa 6 za kwenda hazitoshi hata kuumaliza upande wa Tanzania. Ndege ingemfikisha, na uwanja wa Julius Nyerere uko karibu na chuo chake kuliko bandari au Kariakoo, ila nauli ya mwisho mmoja wa juma inaweza kumeza fedha yake ya matumizi ya mwezi mzima.