Paka Aliyekula Chumvi Nyingi

Creme Puff alizaliwa tarehe 3 Agosti 1967 na kufa tarehe 6 Agosti 2005, mjini Austin katika jimbo la Texas, Marekani. Hesabu yake ni miaka 38 na siku tatu, na Guinness, wale wa kitabu cha rekodi, hawajathibitisha paka mwingine aliyefika hapo. Aliyemfuga, fundi bomba Jake Perry, alikuwa akimwandalia kifungua kinywa cha mayai, nyama ya nguruwe ya kukaanga, mboga, na kahawa iliyotiwa malai. Kila baada ya siku mbili alimtilia na divai nyekundu kidogo kwa kitoneshi. Ajabu haikuishia hapo. Kabla ya Creme Puff, aliyeshika rekodi hiyo alikuwa paka mwingine wa Perry huyohuyo, Granpa Rexs Allen, aliyekufa mwaka 1998 akiwa na miaka 34.

Wafugaji wakisikia habari hii, swali la kwanza huwa ni la divai. Jibu ni hapana. Kafeini na pombe ni sumu kwa paka, na aliyezinywa akafika uzeeni amefika licha ya hizo. Kwa Perry tutazame idadi badala ya kikombe. Kwa miongo kadhaa alilea mamia ya paka, wengi wao aliowachukua kwenye vituo vya wanyama waliokosa kwao. Mtu wa paka mamia atakutana na maajabu ambayo mwenye paka wawili hayaoni maisha yake yote. Tena paka wake walikaa ndani, walipelekwa kwa daktari, na gereji yake ilikuwa na skrini ya kuwaonyeshea filamu za wanyamapori. Nikishurutishwa kuchagua kwenye ile sahani, nitachagua mayai na nyama, kwa sababu paka ni mla nyama hasa, kisha kahawa nitakunywa mwenyewe.

Paka wa kawaida huishi miaka mingapi? Mwaka 2024 watafiti wa Royal Veterinary College, London, walichapisha hesabu iliyotokana na kumbukumbu za matibabu za paka karibu 8,000 waliokufa Uingereza. Kitoto cha paka kinapozaliwa huko, matarajio yake ya kuishi ni miaka 11.7. Majike huwazidi madume kwa mwaka mmoja na ushei. Paka wa ukoo wa Burmese na Birman hupita miaka 14, ilhali Sphynx, yule asiye na manyoya, matarajio yake hayafiki hata miaka saba.

Wastani wa namna hii huchanganya watu, kwa kuwa vifo vya wadogo huuvuta chini. Utafiti wa awali wa chuo hichohicho, wa mwaka 2015, ulionyesha kuwa kati ya paka waliokufa kabla ya kutimiza miaka mitano, karibu nusu waliuawa na majeraha, na gari ndilo mshukiwa mkuu. Baada ya umri huo majeraha hushuka na figo hupanda. Kwa maneno mengine, maisha ya paka yana vizingiti viwili vikubwa: cha kwanza kiko barabarani, cha pili kiko ndani ya mwili wake, na paka wengi hawapati hata nafasi ya kukifikia hicho cha pili.

Huku kwetu kizingiti cha kwanza ndicho kinachomaliza wengi. Paka wa vichochoro vya Lamu au Mji Mkongwe hasumbuliwi sana na magari, lakini yapo mengine: mbwa, panya aliyekula sumu kisha akaliwa, na panlukopenia, ugonjwa wa virusi unaotapisha na kuharisha vitoto vya paka hadi vikafa ndani ya siku chache. Panlukopenia ina chanjo, na chanjo hiyo hufanya kazi vizuri kuliko nyingi tulizo nazo. Kwa madume kuna balaa la ziada. Shume asiyehasiwa huzunguka usiku kucha kutafuta majike na kupigana, na meno ya mpinzani humwachia majipu na virusi vya upungufu wa kinga vya paka, ambavyo ni ndugu wa VVU ila haviambukizi binadamu. Kuhasi ni upasuaji mfupi. Hakumwongezei paka miaka kwa muujiza wowote. Kunamfanya alale nyumbani.

Lakini kuanzia mtaani hakumfungi paka maisha. Flossie wa Uingereza, ambaye Guinness walimtambua Novemba 2022 kuwa paka mkongwe kuliko wote waliokuwa hai, alitoka katika kundi la paka waliokuwa wakiishi karibu na hospitali moja huko Merseyside. Mfanyakazi wa hospitali alimchukua mwaka 1995. Flossie aliwazika wafugaji wake wawili, mmoja baada ya mwingine, na alipokaribia miaka 27 shirika la Cats Protection likamtafutia makazi mapya. Wakati huo alikuwa kiziwi na macho yake yalikuwa hafifu, lakini alikula vizuri na kuzoea nyumba ngeni. Umri wake uliaminika kwa sababu kumbukumbu zake za matibabu zilikuwepo. Nasisitiza hilo kwa sababu meno ya paka hutaja umri vizuri katika miezi sita ya kwanza tu. Baada ya hapo hata daktari hukisia. Kadi ya chanjo yenye tarehe ni ushahidi bora kuliko kumbukumbu ya bibi, na niwieni radhi akina bibi.

Kuna pia ile kanuni ya kugeuza umri wa paka kuwa wa binadamu: mwaka wa kwanza ni sawa na miaka 15, wa pili unakufikisha 24, kisha kila mwaka ni minne. Kwa paka wa miaka 10 au 15 inafaa. Kwa Creme Puff inatoa miaka 168, na binadamu aliyethibitishwa kuishi zaidi ya wote, Jeanne Calment wa Ufaransa, alikufa mwaka 1997 akiwa na 122. Mimi huitumia kanuni hii kumshtua mfugaji anayesema paka wake wa miaka 12 bado kijana, basi.

Sasa tuingie kwenye figo, maana hapo ndipo uzee wa paka unapoamuliwa. Mzazi wa paka wote wa nyumbani ni paka pori wa Afrika, ambaye bado yupo katika nyika zetu. Kiumbe huyu alizoea nchi kavu. Maji mengi aliyapata ndani ya nyama ya mawindo yake, na figo zake zilijua kuukamua mkojo hadi ukawa mzito sana ili tone lisipotee. Paka wa sebuleni amerithi figo hizo pamoja na uvivu wa kunywa maji. Kila figo yake ina nefroni, yaani vichujio vidogo vya damu, takriban 200,000. Ya binadamu ina kama milioni moja. Nefroni iliyokufa hairudi. Paka anaweza kupoteza nusu ya alizonazo bila mtu kugundua, na kipimo cha kawaida cha damu, cha kreatinini, mara nyingi huanza kupiga kelele wakati robo tatu zimekwisha kwenda. Tangu mwaka 2015 kuna kipimo kingine, SDMA, kinachoona hasara hiyo mapema zaidi.

Kwa nini figo za paka huchoka kiasi hiki? Jibu lililonivutia kuliko yote lilitoka Japani. Toru Miyazaki, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Tokyo, alishughulika na protini ya damu iitwayo AIM. Kwa binadamu na panya, AIM husafiri ikiwa imeshikamana na kingamwili kubwa ya aina ya IgM. Figo zikijeruhiwa, AIM huachana na IgM, hupenya kwenye mirija ya figo na kuzibandika seli zilizokufa alama, ili seli hai zizimeze na kufungua njia. Mwaka 2016 Miyazaki na wenzake walionyesha kuwa AIM ya paka imeng'ang'ania IgM kwa nguvu inayozidi ya panya karibu mara elfu moja, kwa hiyo haiachii. Ni fundi aliyefungiwa ndani ya basi: amepita mbele ya nyumba inayohitaji kazi yake na hawezi kuteremka. Taka hubaki kwenye mirija, na jeraha moja dogo baada ya jingine hujenga kovu.

Dawa aliyokusudia ni kumpa paka AIM iliyo huru. Janga la korona lilipokausha fedha za utafiti, habari zake zilisambaa nchini Japani mwaka 2021, na wapenzi wa paka wakachangia karibu yeni milioni 300. Mwaka 2022 alikiacha chuo akaanzisha taasisi yake mwenyewe. Yeye hutaja miaka 30 kama umri ambao paka wangeweza kuufikia. Biolojia yake inanishawishi. Hiyo 30 nitaiamini siku nitakapoona paka wengi wa kawaida wakifuatiliwa miaka mingi, maana figo si mlango pekee wa kutokea duniani.

Kwa mfugaji, dalili za figo ni za taratibu. Paka anaanza kukaa kwenye bakuli la maji kuliko zamani, mkojo unakuwa mwingi, manyoya yanakosa mng'ao, uti wa mgongo unaanza kuhesabika kwa vidole. Watu husema amezeeka tu. Kwa paka ambaye ugonjwa huo umethibitishwa, chakula chenye fosforasi kidogo humwongezea muda. Chakula hicho kwetu ni ghali na hakipatikani kila mahali. Chakula chenye majimaji badala ya kikavu, mabakuli ya maji zaidi ya moja, na mchuzi wa samaki usio na chumvi wala vitunguu, haya yako ndani ya uwezo wa wengi.

Kosa ninalolichukia ni la mtu kusikia kwamba figo zimechoka, akaondoa nyama yote na kuhamia kwenye ugali na maziwa. Paka hawezi kujitengenezea taurini ya kutosha, na taurini iko kwenye nyama na samaki. Mwaka 1987 Paul Pion wa Chuo Kikuu cha California, Davis, pamoja na wenzake, walionyesha kuwa paka wengi waliokuwa wakifa kwa moyo uliotanuka na kulegea walikuwa wamepungukiwa na taurini tu, na wakipewa moyo hupona. Vyakula vya viwandani vikarekebishwa na ugonjwa ule ukawa adimu. Kwa hiyo dagaa kwenye sahani ya paka wako si anasa. Maziwa, kwa upande mwingine, huwaharisha paka wazima wengi.

Zipo dalili za uzee zinazodanganya kinyume chake. Paka wa miaka 13 anayekula kama mtoto, analia usiku na bado anakonda, huenda tezi yake ya thairoidi inafanya kazi kupita kiasi. Ugonjwa huu ulielezwa kwa paka mara ya kwanza mjini New York mwaka 1979, na una dawa ya vidonge. Tezi hiyo, au figo zilizochoka, inaweza kupandisha shinikizo la damu hadi retina ikabanduka, na paka akaamka kipofu asubuhi moja. Amlodipini, dawa ileile wanayomeza wazazi wetu, hutumika kwa paka pia, kwa kiasi chake anachopanga daktari.

Halafu viungo. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walipitia picha za eksirei za paka 100 waliozidi miaka 12, wakakuta 90 wana viungo vilivyolika. Wachache sana walikuwa wakichechemea, kwa sababu paka huficha maumivu. Ataacha tu kuruka dirishani, au atajisaidia nje ya sahani yake ya mchanga kwa kuwa ukingo umekuwa mrefu. Hapa ndipo mwenye huruma anapofungua droo na kutoa parasetamoli. Usifanye hivyo kabisa. Ini la paka limekosa kimeng'enya cha kuivunja, damu yake hushindwa kubeba oksijeni, ufizi hugeuka rangi ya matope, na kidonge kimoja cha miligramu 500 chatosha kumuua.

Paka akishafika miaka kumi, mizani ndiyo kifaa cha kwanza. Mtie kikapuni, mpime kila mwezi kwenye mizani ileile ya dukani, toa uzito wa kikapu, andika kwenye kalenda. Kwa paka wa kilo nne, gramu 400 ni sawa na mtu wa kilo 70 kupungua kilo saba, na kwa macho hutaziona chini ya manyoya. Uzito ukianza kupungua, badilisha mchanga wa sahani yake kwa kokoto ndogo zilizooshwa na kukaushwa, vuta mkojo wa asubuhi kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na umpelekee daktari siku hiyohiyo. Atauweka mkojo kwenye kipimo cha uzito wake ukilinganishwa na maji. Ukizidi 1.035, figo bado zinakamua. Ukiwa chini ya hapo, ataomba damu.