Saa ya Ofisi na Saa ya Gazeti

Mara kwa mara wasomaji wetu hutuuliza, kwa barua na kwa mdomo, kwa nini habari fulani ambayo mji mzima uliijua haikuonekana gazetini, au ilionekana siku ya pili yake ikiwa nusu. Wengine hutuuliza kwa upole. Wengine hutuambia wazi kwamba tunaogopa. Swali ni la haki, na mwenye kuuliza anastahili jibu. Lakini jibu lenyewe halieleweki bila ya kujua kwanza gazeti la kila siku hutengenezwa vipi, na hutengenezwa saa ngapi. Leo basi tunawaomba wasomaji wetu wa Unguja na Pemba, na hasa wakuu wa idara za Serikali, wafuatane nasi tangu asubuhi mpaka alfajiri.

Kazi huanza kwa kikao. Kiasi cha saa 3 asubuhi mhariri wa habari hukaa na waandishi wake, na mbele yao huwekwa gazeti la leo, ambalo kwao wao limekwisha kuwa la jana. Kwanza huangaliwa makosa: jina lililokosewa, hesabu isiyokubaliana na nyingine, picha iliyowekwa maelezo yasiyo yake. Kisha kazi hugawanywa. Huyu ataelekea Baraza la Wawakilishi, yule mahakamani, wa tatu bandarini, wa nne sokoni Mwanakwerekwe. Mwandishi wa Pemba hupigiwa simu naye aseme analo nini. Kikao kikivunjika, mhariri ana orodha ya habari anazozitarajia. Orodha hiyo ni kama wavu uliotupwa baharini: anajua ameutupa wapi, hajui utarudi na nini.

Wako wanaodhani kwamba kazi ya mwandishi ni kusikia na kuandika. Kusikia ni mwanzo tu. Akiambiwa kwamba maji hayatoki katika kijiji fulani, hana budi aende akauone mfereji mkavu kwa macho yake, amuulize sheha, azungumze na akina mama wanaobeba ndoo, na mwisho amwulize mhusika wa maji katika Serikali. Watatu wa mwanzo hupatikana kwa siku moja. Wa nne ndiye mwenye sababu: kama ni pampu iliyoungua, ni umeme, au ni bomba lililopasuka, na lini litatengenezwa. Habari isiyokuwa na sauti ya huyu wa nne hubaki malalamiko matupu. Humwambia mwanakijiji jambo analolijua tangu juzi, yaani kwamba hana maji, na humnyima lile alilolitaka, yaani atayapata lini.

Alasiri waandishi hurudi na chumba cha habari hujaa. Kila habari hupita mikononi mwa mhariri msaidizi, mtu ambaye jina lake halichapishwi popote na ambaye msomaji humjua siku anapokosea tu. Yeye hukata yaliyozidi, huuliza yaliyopungua, hupiga hesabu upya, hulinganisha jina lililoandikwa leo na lilivyoandikwa wiki iliyopita, na huandika kichwa cha habari. Nafasi yake ni finyu. Matangazo yamekwisha kuchukua sehemu yake, nayo hayaguswi, maana bei anayolipa msomaji peke yake haitoshi kununua karatasi na wino na kulipa mishahara. Wala hawezi kuongeza ukurasa mmoja apendavyo: katika gazeti la umbo dogo kama yale tuliyoyazoea, karatasi moja iliyokunjwa huzaa kurasa nne, hivyo kurasa huongezwa au hupunguzwa nne nne. Ndiyo maana habari ndefu ya asubuhi huweza kuamkia kesho ikiwa aya tatu.

Magharibi ikiingia, kurasa za ndani zimekwisha kufungwa. Ukurasa wa mbele huachwa wazi mpaka mwisho, ukisubiri jambo kubwa la siku na ukisubiri, mara nyingi, simu ya mtu mmoja. Kiasi cha saa 2 usiku nao hufungwa. Mhariri wa zamu huusoma mara ya mwisho, huutia saini, na tangu hapo gazeti si lake tena. Ni la mafundi.

Visiwa hivi havikuanza jana katika kazi hiyo ya mafundi. Mwaka 1888 lilitoka hapa Unguja jarida la Kiswahili lililoitwa Msimulizi, kazi ya skuli ya wamisionari ya Kiungani, na mwaka 1892 likaanza Gazette for Zanzibar and East Africa, gazeti la kila wiki. Enzi zile kila herufi ilikuwa kipande cha madini ya risasi, na mpangaji aliziokota moja moja kisandukuni na kuzipanga kinyume, ili zikigusa karatasi zisomeke sawa. Leo ukurasa hupangwa katika kompyuta na kuhamishiwa kwenye bamba jembamba la alumini. Siri ya bamba hilo anaijua kila mpishi: mafuta na maji havichanganyiki. Sehemu yenye maandishi hupokea wino, ambao una mafuta; sehemu iliyo tupu hupokea maji na kuukataa wino. Bamba huupitisha wino kwenye mpira uliozungushiwa gurudumu, na mpira ndio unaoupiga karatasini. Ukurasa wa rangi huhitaji mabamba manne, la buluu, la nyekundu, la manjano na la nyeusi. Na yakipishana kwa kadiri ya unywele tu, mheshimiwa aliyepigwa picha hutoka ana midomo miwili.

Jambo ambalo tungependa likumbukwe ni hili. Bamba likishafungwa mtamboni, neno haligeuki. Kubadilisha neno moja ni kusimamisha mtambo, kutengeneza bamba jipya na kutupa karatasi iliyokwisha pigwa. Usiku wa manane mtambo hunguruma, magazeti huhesabiwa na kufungwa mafungu, na kabla ya jua kuchomoza yamo njiani, haya kwa gari kwenda mashamba, yale yakingoja usafiri wa kuvuka bahari. Msomaji wa Mkoani au Wete hulipata gazeti baada ya msomaji wa mjini, na kosa lililomo humfikia likiwa limekwisha safari yote hiyo. Sahihisho nalo litachukua siku nyingine nzima, kwa njia ile ile na kwa mwendo ule ule.

Sasa tutazame saa. Ofisi za Serikali hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri. Mwandishi aliyetoka kikaoni asubuhi akafika kijijini, akaona, akauliza, hurudi na swali lake la mwisho saa 8 au saa 9. Hapo huambiwa kwamba mkuu yumo mkutanoni, au aandike barua, au aje kesho. Anayejua jibu yupo, mara nyingi meza ya pili tu kutoka hapo, lakini hana ruhusa ya kusema. Saa 9:30 mlango hufungwa. Tangu hapo mpaka saa 2 usiku ni saa nne na nusu, ndizo saa ambazo gazeti la kesho linaandikwa. Na katika saa hizo Serikali, kwa upande wa gazeti, huwa imelala. Barazani watu hawajalala. Simu za mkononi hazijalala. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Na katika saa hizo nne na nusu husemwa mengi, yaliyopo na yasiyopo.

Hatusemi haya kwa kuwanyooshea wengine kidole na sisi kujiona watakatifu. Tuna kosa letu wenyewe ambalo halijatutoka moyoni. Siku moja tulipata fununu kwamba saa ya kuondoka chombo cha kutoka Mkoani imebadilishwa. Mwandishi wetu alipiga simu alasiri kwa ofisi iliyohusika. Aliyepokea alijua, lakini alijibu kwamba yeye si msemaji. Msemaji alikuwa amekwisha kwenda nyumbani, na simu yake haikupokelewa. Saa 2 ikatukuta na ratiba ya zamani mkononi na shaka kichwani. Tungeweza kuandika kwamba saa ya safari haijathibitishwa, na hilo ndilo tulilopaswa kuandika. Hatukuandika. Tuliichapa ratiba ya zamani kama ilivyokuwa, kwa hoja kwamba ndiyo iliyokuwa rasmi.

Asubuhi yake bibi mmoja wa shamba alifika bandarini na mjukuu wake mgonjwa, mwenye miadi ya daktari Unguja, akiwa na gazeti letu lililokunjwa mkobani. Chombo kilikuwa kimeondoka zamani. Alipokuja kumwona mwandishi wetu wa Pemba hakugomba. Alilifunua gazeti, akaweka kidole juu ya ile saa, akauliza, “Hii mliandika kumwambia nani, wanangu?” Sahihisho letu lilitoka siku mbili baadaye, katika ukurasa wa ndani. Hatujui kama alilisoma.

Yapo na makubwa kuliko hayo. Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikiwa safarini kwenda Pemba. Ilizama saa ambazo kurasa za magazeti ya siku hiyo zilikuwa zimekwisha kufungwa. Ilikuwa imepakia watu kupita uwezo wake, na hapakuwa na orodha iliyowataja wote waliopanda. Idadi za siku za mwanzo zikawa zinapanda na kubadilika, na zile zilizotokana na tume ya uchunguzi baadaye zilikuwa kubwa mara nyingi kuliko za mwanzo, watu zaidi ya 1,000 wakihesabiwa kuwa wamepotea. Katika siku kama zile, watu huliendea gazeti kutafuta jina. Gazeti haliwezi kuchapa jina ambalo hakuna aliyeliandika, wala hesabu ambayo hakuna aliyeihesabu. Ukweli wa gazeti haupiti ukweli wa daftari lililoko bandarini, hospitalini au kituo cha polisi, wala haupiti utayari wa mwenye daftari hilo kulifungua.

Tunajua wakuu wa idara wana hoja zao, na hatuzipuuzi. Wako waliozungumza na gazeti kwa nia njema, wakaona siku ya pili maneno yao yamekatwa yakageuka maana. Wako waliotaja makisio, yakachapwa kama hesabu kamili. Mtumishi aliyeungua namna hiyo hana lawama akiogopa moto. Zipo pia habari ambazo kwa haki hazifai kutolewa haraka: jina la maiti kabla jamaa zake hawajaarifiwa, au jambo lililoko mbele ya hakimu. Hayo tunayakubali, na mwandishi asiyeyakubali hafai kazi hii. Lakini saa ya chombo kuondoka, siku ya maji kurudi, bei ya karafuu itakayolipwa vituoni, na sababu ya dawa kukosekana si siri za nchi. Ni mali ya mwananchi, ambayo ofisi imewekewa amana tu.

Kwa hiyo tuna maombi matatu. La kwanza, kila wizara na kila shirika la umma liwe na mtumishi mmoja wa zamu, mwenye ruhusa ya kujibu mambo ya kawaida mpaka saa 2 usiku, bila ya kungoja saini ya aliyekwisha lala. Wizara nyingi zina maafisa habari. Wanachokosa mara nyingi ni idhini ya kusema, wala si elimu. La pili, panapokuwa hapana jibu, isemwe hivyo: “Bado tunachunguza, tutasema kesho saa 4.” Maneno hayo machache hutosha kuizuia fununu isikae kwenye kiti cha habari. La tatu, idara ikiona tumekosea, itupigie simu asubuhi ile ile, kabla ya kikao chetu cha saa 3, wala isingoje kuandika barua ya malalamiko itakayofika baada ya wiki mbili.

Na sisi kwa upande wetu tunaahidi mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Tutamsomea afisa maneno yake kabla hatujayachapa, pale penye hesabu na tarehe. Tukiwa na shaka tutaandika kwamba tuna shaka. Na sahihisho la kosa lililotokea ukurasa wa mbele litatoka ukurasa wa mbele.

Leo saa 2 usiku ukurasa wa kwanza utafungwa kama kawaida. Mwandishi wetu wa bandarini ameulizia ratiba ya vyombo vya kesho tangu asubuhi, na simu iko mezani kwa mhariri wa zamu.