Taichi au ulingo: Mwili wako wahitaji nini?

Wengi wetu tuliijua kung fu kupitia filamu, ambamo mtu mmoja huwaangusha maadui kumi bila kutokwa na jasho. Si ajabu basi kwamba kila sanaa hii ya Wachina inapotajwa, swali huwa ni lile lile: je, mwalimu wa kung fu anaweza kumshinda bondia?

Mnamo Aprili 2017, katika mji wa Chengdu nchini Uchina, wanaume wawili walitafuta jibu. Xu Xiaodong, mpiganaji wa mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka, alikabiliana na Wei Lei, mwalimu wa taichi. Pambano halikumaliza hata nusu dakika. Wei Lei aliangushwa na kupigwa ngumi mfululizo hadi pambano likasimamishwa.

Jambo hilo liliwaudhi Wachina wengi, lakini halikuwa geni. Mwaka wa 1954, huko Macau, Wu Gongyi wa taichi, aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 50, alipambana na Chan Hak-fu wa mtindo wa korongo mweupe, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mingi. Waamuzi walilisimamisha pambano katika raundi ya pili bila kumtangaza mshindi. Filamu iliyopigwa siku hiyo yaonyesha ngumi za kubahatisha tu, mbali kabisa na maajabu ya sinema.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu limo katika mazoezi. Mwanafunzi wa mitindo ya kale hutumia muda mwingi akirudia miondoko iliyopangwa, mara nyingi akiwa peke yake. Bondia naye kila wiki hukabiliana na mtu anayekwepa na kurudisha makonde. Wachina wenyewe walilitambua hilo, na mwaka wa 1979 wakaanza kuunda sanda, mchezo wa kuvaa glavu unaoruhusu ngumi, mateke na kuangushana.

Ulingo una gharama yake

Hata hivyo, kushinda pambano si sawa na kuwa na afya njema. Mwaka wa 1928, daktari Mmarekani Harrison Martland alieleza hali aliyoiona kwa mabondia waliopigwa kichwani kwa muda mrefu: kuyumba wanapotembea, kutetemeka na akili kudhoofika. Leo madaktari wanajua kwamba hata makonde yasiyomwangusha mtu yanaweza kuudhuru ubongo yakirudiwa kwa miaka mingi.

Usidanganyike kwamba kofia ya kujikinga inatosha. Kofia hiyo hupunguza majeraha ya uso, lakini haiwezi kuuzuia ubongo kutikisika ndani ya fuvu.

Taichi nayo ina faida ambayo haihitaji mpinzani. Mwaka wa 1956, serikali ya Uchina iliandaa mfululizo mfupi wa miondoko 24 ili wananchi wa kawaida waufanye kwa ajili ya afya. Utafiti uliofanywa katika jimbo la Oregon, Marekani, na kuchapishwa mwaka wa 2012, uliwahusisha wagonjwa 195 wa Parkinson, maradhi yanayosababisha mwili kutetemeka na kukakamaa. Waliofanya taichi mara mbili kwa wiki kwa muda wa wiki 24 walisimama imara zaidi, na wakaanguka mara chache kuliko waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu. Kwa mzee, kuanguka mara moja kunaweza kumvunja nyonga na kumlaza kitandani kwa miezi.

Kabla ya kujiandikisha

Jiulize kwanza unatafuta nini. Ikiwa shida yako ni magoti yanayolegea, mwili kukosa nguvu au umri unaosonga, miondoko ya polepole yakufaa. Usikunje magoti sana siku za mwanzo, na usiache dawa ulizoandikiwa na daktari. Ikiwa wataka kujua kupigana, mwulize mwalimu kama wanafunzi wake hupambana wao kwa wao. Kama hawafanyi hivyo, usiende kuujaribu ujuzi huo mbele ya mwizi mwenye kisu. Kujiamini kusikokuwa na msingi kumewaponza wengi.

Na kijana wako akichagua ulingo, hakikisha makonde ya kichwani hayawi ya kila siku mazoezini. Akipigwa kisha akaumwa na kichwa, akatapika, akachanganyikiwa au akasinzia kuliko kawaida, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo. Asirudi ulingoni hadi daktari amruhusu, hata kama pambano ni kesho na tiketi zimekwisha kuuzwa. Mshipi wa ubingwa unaweza kushindaniwa tena mwaka ujao, lakini ubongo ni mmoja tu.