Saa Moja kwa Mitambo ya Tana: Kusanidi Usawazishaji wa Muda Kwenye Swichi za Mtandao

Mji wa Kiritiri, katika Mbeere Kusini, Kaunti ya Embu, umo katika ukanda wa mabwawa ya Mto Tana yanayojulikana kwa jina la Seven Forks, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ambayo yalianza kuzalisha umeme Kindaruma mwaka 1968 na kufika Kiambere mwaka 1988. Umeme huo hukamilisha mizunguko 50 kwa kila sekunde, na mitambo yote iliyounganishwa na gridi ya taifa hulazimika kwenda sambamba, kiasi kwamba kosa la milisekunde moja, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde, huonekana katika vipimo kama nyuzi 18 za mzunguko. Hitilafu inapotokea kwenye laini ndefu kama ile ya kutoka Kiambere hadi Rabai, karibu na Mombasa, wimbi la mshtuko hukimbia kuelekea ncha zote mbili kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, na mahali pa hitilafu hukokotolewa kwa kulinganisha nyakati ambazo wimbi hilo lilifika kila upande. Saa za ncha hizo zikipishana kwa mikrosekunde moja, yaani sehemu moja ya milioni ya sekunde, mafundi watakosea kwa takribani mita 150. Zikipishana kwa milisekunde moja, watatafuta kilomita 150 kutoka mahali panapohusika.

Suluhisho linaloonekana rahisi ni kukipa kila kifaa antena ya kupokea saa ya setilaiti. Hata hivyo, kumbi za mitambo za Kamburu na Gitaru zimo chini ya ardhi, ambako mawimbi ya setilaiti hayafiki, na hata juu ya ardhi kila antena huongeza kifaa kinachoweza kuharibika. Ndiyo sababu muda husafirishwa kwa kebo za mtandao kwa kutumia itifaki, yaani kanuni za mawasiliano kati ya vifaa, iitwayo IEEE 1588, iliyotolewa mwaka 2002 na kurekebishwa mwaka 2008 na 2019.

Kwa mujibu wa itifaki hiyo, saa mama, ambayo ndiyo chanzo cha muda katika mtandao, hutuma ujumbe unaotaja wakati wa kuondoka kwake. Kifaa kinachopokea huandika wakati wa kufika, kisha ujumbe mwingine hupimwa kwa njia ya kurudi, na ucheleweshaji huchukuliwa kuwa nusu ya jumla ya safari hizo mbili. Hesabu hii ni sahihi iwapo tu kwenda na kurudi huchukua muda uleule, na swichi ya kawaida, yaani kifaa kinachounganisha vifaa vya mtandao na kuelekeza data kati yake, huivuruga, kwa kuwa huupanga ujumbe wa muda kwenye foleni pamoja na pakiti, yaani vifurushi vya data, nyingine, leo ikisubiri kidogo na kesho ikisubiri sana.

Swichi iliyotengenezwa kwa kazi hii hupiga mhuri wa muda pale pale mlangoni, kwa sakiti maalumu badala ya programu. Inaweza kusanidiwa kama saa pitishi, inayopima muda ambao pakiti imekaa ndani yake na kuujumlisha kwenye ujumbe wenyewe, au kama saa ya mpakani, inayopokea muda kwa mlango mmoja na kuutoa upya kwa milango mingine. Kiwango cha IEC/IEEE 61850-9-3 cha mwaka 2016, kilichoandikwa kwa ajili ya mitambo ya umeme, huitaka kila saa pitishi isikosee kwa zaidi ya nanosekunde 50, yaani sehemu 50 za bilioni ya sekunde, ili baada ya kupita swichi takribani 15 kosa lote libaki ndani ya mikrosekunde moja. Swichi moja isiyoielewa itifaki ikiwekwa katikati ya mnyororo huo huharibu kazi ya zote, na mtandao utaendelea kupitisha data kana kwamba hakuna kasoro yoyote.

Jambo linalopuuzwa mno ni uchaguzi wa saa mama. Vifaa huichagua vyenyewe kwa kulinganisha kwanza namba ya kipaumbele, ambapo namba ndogo hushinda, na kiwandani vifaa vingi huwekewa 128. Vipaumbele vikilingana, ubora wa saa ndio unaoamua. Lakini chanzo cha setilaiti kikipotea na saa zilizobaki zikawa za ubora uleule, utambulisho wa kifaa ndio huamua, na swichi yoyote iliyo pembeni yaweza kutawala muda wa kituo kizima. Mhandisi makini huzipa namba ndogo saa mbili alizozichagua kwa makusudi, na swichi zisizostahili huzizuia zisiwanie nafasi hiyo kabisa.

Kasoro ngumu kuliko zote ni ile isiyoonekana kwenye skrini. Mwanga hutumia takribani nanosekunde 5 kwa kila mita ya faiba, yaani uzi wa kioo unaopitisha data, hivyo uzi wa kwenda ukiwa mrefu kuliko wa kurudi kwa mita 100, tofauti ni nanosekunde 500, na nusu yake, yaani robo ya mikrosekunde nzima inayoruhusiwa, huingia kwenye saa bila kifaa kutoa onyo lolote, kwa kuwa kifaa hujihukumu kwa hesabu ileile iliyokipotosha. Urefu wa nyuzi unapaswa kupimwa na tofauti yake kuandikwa katika usanidi wa mlango husika. Baada ya hapo, mpigo wa kila sekunde unaotolewa na kifaa ulinganishwe, kwa kutumia osiloskopu, yaani kifaa kinachoonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini, na mpigo wa kipokezi cha setilaiti kisichotegemea mtandao huo, na kipimo hicho kirudiwe kila faiba inapokatwa na kuunganishwa upya.