Leseni ya Daktari na Mipaka ya Majimbo

Ugonjwa hautambui mipaka, lakini leseni ya daktari huitambua. Nchini Marekani, daktari mwenye leseni ya jimbo la Colorado kwa kawaida haruhusiwi, kwa leseni hiyo peke yake, kumtibu mgonjwa aliyeko Wyoming, hata kama wanazungumza kwa simu tu.

Chanzo cha hali hiyo ni katiba. Rekebisho la Kumi la mwaka 1791 liliyaachia majimbo, au wananchi wenyewe, madaraka ambayo serikali kuu haikupewa. Mwaka 1889, katika kesi ya Dent dhidi ya West Virginia, Mahakama ya Juu iliamua kwamba jimbo lina haki ya kudai uthibitisho wa elimu kabla ya kumruhusu mtu kutibu. Sababu yake ni wazi: mgonjwa hawezi kuupima ujuzi wa tabibu wake, hivyo bodi huupima kwa niaba yake.

Hata hivyo, ulinzi huo una gharama. Wyoming ni jimbo kubwa lenye watu wasiofika 600,000, na wengi wao huishi mbali na mabingwa. Bingwa aliyetaka kuwahudumia wagonjwa wa majimbo matano alilazimika kuomba leseni mara tano, na kila bodi ikavikagua upya vyeti vile vile.

Ili kuondoa usumbufu huo, majimbo yalianza kupitisha mkataba wa pamoja mwaka 2015, nao ukaanza kutumika mwaka 2017. Majimbo zaidi ya 40 yamekwisha kuukubali. Kwanza, daktari huteua jimbo la msingi, mathalani anakoishi au anakofanyia angalau robo ya kazi yake. Pili, bodi ya jimbo hilo huchunguza elimu yake, mitihani, ubingwa na kumbukumbu za jinai. Tatu, akistahili hupewa barua ya uthibitisho, na majimbo mengine anayoyachagua humpa leseni bila kurudia uchunguzi huo. Aliyewahi kuadhibiwa na bodi hubakiwa na njia ya zamani, ya kuomba jimbo kwa jimbo.

Yafaa ifahamike kwamba mkataba haukuunda leseni moja ya taifa. Kila jimbo hutoa leseni yake, na daktari hufuata sheria za mahali alipo mgonjwa. Tena, leseni ya jimbo la msingi ikifutwa, zile zilizopatikana kwa mkataba hufutika pamoja nayo. Hivyo mgonjwa wa mbali humfikia bingwa, bila tabibu mkosefu kupata jimbo la kujifichia.