Kocha Naye ni Mfanyakazi: Akipigwa Kalamu, Nani Humtetea?

Wahenga walinena kwamba mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Katika makala haya nataka tumwangalie mnyonge mmoja ambaye sisi mashabiki wa Thika na Ruiru hatumfikirii sana. Si mchezaji wala si refa. Ni kocha.

Timu ikishinda, twamwimbia mfungaji. Ikishindwa mechi tatu mfululizo, utasikia watu wakipiga kelele uwanjani, "Kochi aende! Kochi aende!" Na kweli, kabla ya wiki kwisha ameshaenda. Unga umemwagika. Sisi twamngoja kocha mpya. Lakini je, yule wa kwanza alipewa notisi? Alilipwa mshahara wake wa mwisho? Kuna aliyemsikiliza?

Hapa kwetu mpira na viwanda ni kama ndugu. Thika United, iliyocheza Ligi Kuu hadi iliposhuka daraja mwaka 2018, ilifadhiliwa na kampuni ya maziwa ya Brookside yenye makao yake Ruiru. Bidco United, timu ya kampuni ya Bidco ya Thika, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2020. Sasa tazama jambo hili. Mfanyakazi wa kiwandani anaweza kuwa na chama chake. Hukatwa ada kidogo kila mwezi, na akionewa, mwakilishi wake huingia ofisini pamoja naye. Hata mwalimu wetu wa michezo, anayefundisha timu ya shule, ameajiriwa na TSC na anaweza kujiunga na KNUT, chama kilichoanzishwa mwaka 1957, au KUPPET. Kocha wa klabu, mara nyingi, huingia ofisini peke yake.

Kocha mmoja wa mtaani Ruiru, ambaye sitamtaja yeye wala timu yake, aliniambia hivi nilipomhoji: "Kijana wangu, nilifundisha msimu mzima kwa maneno ya mdomo. Mwenyekiti alisema tutaelewana. Msimu ulipoisha, simu yake haikupatikana tena."

Wengi wetu tungesema, "Pole, ungeandikiana naye." Lakini sheria haisemi hivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatambua hata mkataba wa mdomo. Kazi ikiwa ya miezi 3 au zaidi, lazima mkataba uandikwe, na jukumu la kuuandika ni la mwajiri, si la mfanyakazi. Kesi ikifika mahakamani na mwajiri akakosa kuonyesha mkataba ulioandikwa, yeye ndiye atakayetakiwa kukanusha yale anayodai mfanyakazi kwamba walikubaliana. Yaani, kutoandika si ujanja.

Jambo la pili ni notisi. Mtu anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28, au alipwe pesa za siku hizo. La tatu ndilo linalomhusu kocha zaidi. Sheria hiyo yasema kwamba mwajiri akitaka kumfuta mtu kwa sababu ya kazi duni, lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, kisha amsikilize. Mfanyakazi ana haki ya kuja na mwenzake au mwakilishi wa wafanyakazi. Kushindwa mechi ni nini kama si madai ya kazi duni? Kwa hivyo kocha hapaswi kusikia habari za kufutwa kwake redioni. Mahakama ikiona amefutwa isivyo haki, yaweza kuamuru alipwe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12.

Hebu sasa tutazame waliodai. Mwezi wa Agosti 2014, Adel Amrouche alifutwa kuifundisha Harambee Stars baada ya Kenya kutolewa na Lesotho. Alipeleka malalamiko yake FIFA, na deni likapita shilingi milioni 100. Ikafika hatua Kenya ikatishiwa kuondolewa katika mchujo wa Kombe la Dunia la 2022. Aliyemfuata, Bobby Williamson kutoka Scotland, alifutwa Februari 2016. Yeye alikwenda katika mahakama ya kazi hapa hapa Kenya, akaamuliwa alipwe takribani shilingi milioni 55.

Mnaona tofauti? Kanuni za FIFA kuhusu makocha, zilizoanza kutumika Januari 1, 2021, zinasema kocha asiyelipwa mishahara ya miezi 2 anaweza kuidai klabu kwa maandishi, aipe siku 15, kisha avunje mkataba kwa haki. Lakini FIFA husikiza kesi zilizovuka mpaka, kwa mfano kocha mgeni dhidi ya klabu ya hapa. Mkenya anayefundisha klabu ya Thika hana njia hiyo. Mlango wake ni ule wa Williamson, yaani mahakama zetu. Mlango uko wazi, lakini kuuingia kwahitaji wakili, nauli na subira ya miaka. Tena kocha huogopa: akishtaki klabu moja, viongozi wa klabu nyingine wataambiana kwamba ni mkorofi. Basi hunyamaza.

Hapo ndipo umoja unapohitajika. Kidole kimoja hakivunji chawa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama cha wafanyakazi na kujiunga nacho. Lakini makocha wana ugumu wao. Chama hutambuliwa na mwajiri kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake wanaofaa kuwa wanachama. Klabu moja ina kocha mkuu na wasaidizi wachache tu, na mkuu mwenyewe huonekana ni meneja, kwa sababu ndiye anayepanga timu na kuamua nani atakaa benchi. Watu watatu watamtisha nani? Hata hivyo Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 imefungua njia nyingine: chama kinaweza kuzungumza na kundi zima la waajiri wa sekta moja. Makocha wa klabu zote za ligi wakiungana, hesabu inabadilika.

Wenzetu ng'ambo wamejaribu. Uingereza, makocha wa klabu za kulipwa waliunda chama chao, League Managers Association, mwaka 1992. Marekani wana mpira wao wa kukimbia na gozi mkononi, lenye umbo kama yai. Wachezaji wa ligi hiyo, NFL, wana chama cha wafanyakazi tangu 1956. Makocha wao wana shirika la hiari tu, lisiloweza kuwajadilia mishahara. Mwaka 2011 wenye timu walipowafungia wachezaji milango kwa miezi minne, baadhi ya makocha walikatwa mishahara ingawa hawakuwa na ugomvi na mtu. Shirika lao likaamua kuwaunga mkono wachezaji mahakamani. Kumbe hata penye mabilioni, asiye na chama huumia vita visivyokuwa vyake.

Wako watakaoniuliza, "Na klabu itatoa wapi pesa? Viingilio vyenyewe havitoshi kulipa basi la kwenda Kisumu!" Ni kweli, klabu zetu nyingi ni maskini, na chama hakichapishi noti. Lakini kuandika mkataba hakuhitaji mfadhili. Kumwita mtu, kumweleza kosa lake na kumsikiliza ni bure. Klabu ikiwa na uwezo wa kulipa shilingi elfu kumi, iandike elfu kumi na izilipe, badala ya kuahidi elfu thelathini hewani. Wala chama hakimkatazi mwenye timu kubadilisha kocha. Kinamtaka tu afuate utaratibu.

Miongoni mwetu wamo watakaokuwa wachezaji, wanasheria, hata wenyeviti wa klabu. Siku utakapoketi kwenye kiti hicho, na mashabiki wa Thika wakiimba kochi aende, kumbuka kwamba ana kodi ya nyumba na karo ya watoto. Ukiona lazima aende, mwambie sababu, msikilize, umpe notisi yake na jasho lake. Na wewe utakayekuwa kocha, kabla hujapuliza firimbi ya kwanza, omba karatasi.